Harufu Pekee Haitoshi: Jinsi Petroli Inavyosakwa Chini ya Ardhi

Mei 2015 wakazi wa Thange, upande wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, waliona mafuta katika mto wanaoutegemea kwa maji ya nyumbani, ya mifugo na ya bustani zao. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa likifanya kazi tangu 1978, lilikuwa limevuja chini ya ardhi. Hapakuwa na lori lililopinduka wala moto uliomwita mtu yeyote aje atazame. Mafuta yalipenya udongoni kimya kimya yakayafikia maji, na watu wakayajua pale yalipojitokeza mtoni. Miaka kumi ilipita kabla ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni, Julai 2025, kuiamuru Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya iwalipe wakazi hao fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8.

Miaka kumi ni muda mrefu mno wa kuamka kila siku na swali moja: je, maji ya kisima hiki yananyweka? Jaji hawezi kulijibu kwa kuyatazama maji. Diwani hawezi, na hata mama aliyeyachota maji hayo tangu ujanani hawezi kwa kuyanusa. Jibu hutoka kwenye mashine inayoitwa kromatografu ya gesi, na kwa fundi aliyechukua sampuli bila kuiharibu. Ninaamini kila anayechota maji karibu na bomba, bohari au kituo cha mafuta anastahili kukielewa kipimo hicho, kwa sababu siku ya shida hicho ndicho shahidi wake.

Tuanze na petroli yenyewe. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, nyingi zikiwa nyepesi na rahisi kuyeyuka hewani. Kati ya hizo wapimaji husaka kwanza nne: benzini, toluini, ethilibenzini na zileni. Inayotisha zaidi ni benzini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na saratani inayohusishwa nayo zaidi ni ile ya damu. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini katika lita moja.

Kiasi hicho ni kidogo kuliko tunavyoweza kukifikiria, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua petroli ambayo benzini ni asilimia moja ya ujazo wake, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya. Lita moja ya petroli hiyo ina takriban gramu 8.8 za benzini. Benzini hiyo yote ikiingia majini, inatosha kufikisha kikomo katika lita 880,000 za maji. Hayo ni malori 88 ya maji, kila moja likibeba lita 10,000, kutokana na petroli inayojaa chupa moja. Na pua? Benzini peke yake huanza kunuka majini pale kiwango chake kimeshapita kikomo hicho mara mamia. Harufu ya petroli kisimani ni onyo ambalo kila mtu anapaswa kulisikiliza, lakini kukosekana kwa harufu hakumhakikishii mtu yeyote usalama.

Mafuta yanapovuja chini ya ardhi hugawanyika. Mengine hunata kwenye chembe za udongo. Mengine hugeuka mvuke na kujaa katika vinafasi vilivyo kati ya chembe hizo, mahali ambapo kwa kawaida pana hewa. Yanayobaki hushuka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Kutoka kwenye utando huo unaoelea, benzini na wenzake huyeyuka majini kidogo kidogo na kusafiri na maji kuelekea visimani. Mpimaji ana milango miwili ya kuingilia: hewa iliyomo udongoni na maji yaliyo chini yake. Kila mlango una faida zake na udanganyifu wake.

Mlango wa hewa ndio wa haraka na wa bei nafuu. Mafundi hukita mrija mwembamba wa chuma ardhini, mita moja au mbili kwenda chini, wakauziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa ya juu isipenye. Hunyonya kwanza hewa iliyokuwamo mrijani na kuitupa, kisha huvuta sampuli kwa bomba la sindano la kioo lisilopitisha hewa. Kama kromatografu ya kubebeka iko ndani ya gari, jibu hupatikana baada ya dakika chache, mafundi wakiwa bado papo hapo. Wanasogea hatua kadhaa, wanakita tena na kupima tena. Jioni wana ramani inayoonyesha mvuke uko mwingi wapi na unafifia kuelekea wapi. Ramani hiyo ndiyo inayowaambia wachimbe wapi visima vya uchunguzi, kazi ambayo ni ghali na haifai kufanywa kwa kubahatisha.

Hewa ya udongoni hutoa pia habari nyingine ambayo mimi huiona ya ajabu. Chini ya ardhi kuna bakteria wanaokula mafuta. Wakila, hutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Oksijeni ikiisha, wengine huendelea kula bila hiyo, na methani hutokea. Kwa hiyo mpimaji anayekuta oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu na sifuri, huku kaboni dioksaidi na methani zimepanda, anajua kwamba chini yake kuna mafuta yanayoliwa, hata kama mvuke wa petroli haujamfikia pale aliposimama.

Haya yalijulikana vizuri huko Bemidji, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na mji huo na kumwaga takriban lita milioni 1.7. Wasafishaji walivuta mafuta kwa pampu, wakachoma, wakazoa udongo, lakini takriban lita 400,000 zilibaki ardhini. Tangu 1983 Idara ya Jiolojia ya Marekani imepageuza mahali hapo kuwa darasa, na watafiti wamepima hewa ya udongoni na maji ya chini kwa miongo kadhaa. Walikuta kwamba benzini haikusafiri mbali kama maji yaliyoibeba, kwa sababu bakteria walikuwa wakiila njiani. Hiyo ni habari njema, ila ina sharti lake: ilijulikana kwa kupima mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Mtu asiyepima hana haki ya kuwaambia majirani wa bomba kwamba ardhi itajisafisha yenyewe.

Na mlango wa hewa unaweza kudanganya. Mvua ikinyesha, maji huziba vinafasi vya udongo na mvuke hukwama chini. Mpimaji anayefika siku hiyo anaweza kuandika kwamba hapana kitu. Udongo mzito wa mfinyanzi huleta tatizo hilo hilo. Dizeli haipandishi mvuke mwingi kama petroli, hivyo uvujaji mkubwa wa dizeli unaweza kuonekana mdogo ukipimwa kwa hewa. Tena kuna kemikali zinazopenda kubaki majini kuliko kupanda hewani. Mojawapo ni ile iitwayo MTBE, iliyochanganywa kwenye petroli Marekani ili iungue vizuri zaidi. Huyeyuka majini kwa urahisi, husafiri haraka, na bakteria huiona ngumu kuila. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kufunga visima vilivyokuwa vikiupa takriban nusu ya maji yake kwa sababu ya kemikali hiyo. Ndiyo maana maji yenyewe lazima yapimwe.

Kuchukua sampuli ya maji kunaonekana kazi ya mtoto, na hapo ndipo ushahidi mwingi huharibika. Benzini inataka kuruka. Ukimimina maji kwa kishindo kutoka kwenye ndoo, sehemu yake imekwisha kwenda. Kwa hiyo maji hupandishwa taratibu na kumiminwa kwa upole katika chupa ndogo ya kioo ya mililita 40 hadi ijae pomoni, kisha kifuniko hufungwa pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Matone ya asidi hutiwa ili bakteria wasiendelee kuila benzini njiani. Chupa huwekwa kwenye barafu, na vipimo vinapaswa kufanyika ndani ya siku 14. Safari nzima chupa hizo husindikizwa na chupa nyingine iliyojazwa maji safi kutoka maabara, ambayo haifunguliwi kamwe. Benzini ikionekana katika chupa hiyo, inajulikana kwamba uchafu uliingia njiani na hautoki kisimani.

Tahadhari hizi zina sababu. Fundi aliyetia petroli kwenye jenereta asubuhi akashika chupa kwa mikono ile ile anaweza kukitia kisima safi hatiani. Kalamu ya wino mzito ya kuandikia lebo huwa na zileni au toluini. Gari likiachwa linanguruma upande unakotoka upepo, moshi wake huingia chupani. Wakili wa upande wa pili akijua hata moja ya haya lilitokea, kesi ya kijiji kizima inaweza kuyumba.

Sampuli ikifika maabara, benzini hutolewa majini kabla ya kupimwa. Njia mojawapo ni kuacha nafasi ya hewa juu ya maji katika chupa iliyofungwa, kuipasha moto kwa joto maalumu, kungoja, kisha kuvuta hewa hiyo. Nyingine ni kupitisha vipovu vya heliamu katika maji hadi kemikali nyepesi zitoke, kuzinasa kwenye unga maalumu, kisha kuupasha unga huo ghafla ili ziachie zote kwa pamoja. Njia ya pili ndiyo inayofikia viwango vidogo zaidi.

Sasa ndipo kromatografu inapofanya kazi yake. Ndani yake kuna mrija mrefu, kwa kawaida mita 30 au zaidi, mwembamba kiasi kwamba tundu lake ni robo tu ya milimita, umekunjwa kama koili ndani ya tanuri. Ukuta wa ndani umepakwa utando unaozishika kemikali kwa nguvu zinazotofautiana. Gesi kama heliamu au haidrojeni husukuma sampuli kupita humo. Fikiria magari yanayoondoka Nairobi kwa pamoja kuelekea Mombasa: lisilosimama popote hulipita lile linaloshusha abiria kila kituo, na mtu aliyeketi Mtito Andei akiwa na saa anaweza kuyatambua kwa muda yanaofika. Benzini, inayochemka kwa nyuzi 80 za selsiasi, hutangulia. Toluini, inayochemka kwa nyuzi 110 hivi, huifuata. Ethilibenzini na zileni huja baadaye. Mwishoni mwa mrija kuna kigunduzi kinachochora kilele kila kemikali inapopita. Muda wa kilele hudokeza jina lake, na ukubwa wake husema kiasi, baada ya kulinganishwa na vilele vya sampuli ambazo maabara yenyewe imezitengeneza kwa vipimo inavyovijua.

Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya mafuta. Archer Martin na Anthony James walichapisha kazi yao mwaka 1952, jijini London, wakitenganisha asidi za mafuta ya viumbe. Mwaka huo huo Martin na mwenzake Richard Synge walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya awali ya utenganishaji. Kampuni za mafuta ziliikumbatia mashine hiyo upesi, kwa kuwa zilitaka kujua kilichomo katika petroli zinayoiuza. Chombo kilichozijengea utajiri kampuni hizo sasa kinaweza kumsaidia mwenye kisima, na hilo ni jambo la haki kabisa.

Uchaguzi wa kigunduzi una uzito kuliko unavyoonekana. Kuna kinachounguza kila kitu chenye kaboni katika mwali wa haidrojeni na kupima umeme unaotokea. Huona karibu kila kemikali ya mafuta, methani ikiwamo. Kuna kingine kinachotumia taa ya miale ya urujuanimno. Nishati ya taa hiyo inatosha kung'oa elektroni kwenye benzini lakini haitoshi kwa methani, kwa hiyo kinafaa sana kwa hewa ya udongo uliojaa methani kutoka kinamasini au chooni. Mkaguzi anayesema "nimekuta gesi" kwa kigunduzi cha kwanza bila kutenganisha chochote, huenda amekuta shimo la choo cha jirani. Na kwa kuwa kemikali mbili zinaweza kutoka kwa muda mmoja, jambo zito kama kesi huhitaji uthibitisho wa pili, hasa wa mashine inayopima uzito wa vipande vya molekuli.

Mchoro wa vilele una siri nyingine, na hapa ndipo mwenye kisima anapaswa kukaza macho. Petroli huchora vilele vingi upande wa mwanzo. Dizeli huchora kilima kipana upande wa baadaye, chenye miiba iliyopangana kwa ustadi. Dizeli iliyokaa ardhini muda mrefu hupoteza miiba hiyo kwanza, kwa sababu bakteria hupenda kuanza na kemikali zilizonyooka, na kilima hubaki kipara. Hivyo mtaalamu anaweza kuona iwapo kisima kimeingiwa na petroli au dizeli, mafuta mapya au ya zamani, na pengine kama yanafanana na yale ya tangi linaloshukiwa. Ripoti ya ukurasa mmoja yenye tarakimu tupu huacha nje ushahidi huo wote. Mchoro wenyewe uambatanishwe.

Kuna neno moja katika ripoti hizi linalonikera kuliko yote: "haikupatikana". Linasomwa na mwananchi kana kwamba linasema "haipo". Kila mashine na kila utaratibu una kiwango cha chini ambacho chini yake hauoni kitu. Kama maabara ilitumia utaratibu usioona chini ya mikrogramu 50 kwa lita, basi "haikupatikana" inaweza kuficha benzini ya mikrogramu 40, mara nne ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na kila neno katika ripoti likawa la kweli. Ripoti isiyotaja kiwango hicho haimsaidii mnywaji wa maji. Ningeirudisha kwa aliyeileta.

Lava na miamba iliyopasuka ya ukanda wa Chyulu, jirani na Kibwezi, inaongeza ugumu. Katika mchanga, maji husambaa kwa namna inayoweza kukadiriwa. Katika miamba yenye nyufa, mafuta hufuata ufa, na kisima kimoja kinaweza kuwa safi huku kingine kilicho karibu kimeharibika. Huwezi kupima kisima kimoja ukatangaza kijiji kizima salama, wala kupima mara moja ukafunga faili. Msimu wa mvua maji hupanda na kuyagusa mafuta yaliyokuwa yamenata juu, kiangazi hushuka. Vipimo vya misimu yote vinahitajika.

Hata mahali penye maabara za kila aina, watu wamekunywa kabla ya kupimiwa. Huko Hawaii, Novemba 2021, mafuta ya ndege yalimwagika katika ghala la jeshi la wanamaji la Marekani liitwalo Red Hill, lenye matangi 20 yaliyojengwa miaka ya 1940, yapatayo mita 30 tu juu ya chanzo cha maji ya chini ya ardhi. Mfumo wa maji ulioathirika ulihudumia watu wapatao 93,000. Familia ndizo zilizosikia harufu kwenye bomba za jikoni. Machi 2022 Wizara ya Ulinzi iliamua ghala hilo lifungwe.

Kwetu hali ni ya hatari zaidi kwa sababu vituo vya mafuta vinazidi kuota kando ya barabara, kutoka Voi hadi Malaba, kutoka Kibaha hadi Mbeya, na mara nyingi nyumba za jirani zinategemea visima. Nauona upungufu mmoja mkubwa: maji hupimwa baada ya malalamiko. Wakati huo mwenye tangi husema uchafu ulikuwapo tangu zamani, na mwenye kisima hana karatasi ya kuonyesha vinginevyo. Visima vya majirani vipimwe kabla tangi halijafukiwa, matokeo yawekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma, na hewa ya udongo pembeni mwa matangi ipimwe kila mwaka. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mabilioni ya fidia. Mamlaka za mazingira na za nishati, yaani NEMA na EPRA nchini Kenya, NEMC na EWURA nchini Tanzania, zina uwezo wa kulifanya hili kuwa sharti la leseni, na ninazisihi zilifanye.

Kwa wewe unayechota maji karibu na mafuta: ukisikia harufu ya petroli kisimani, acha kuyatumia maji hayo, na usiwashe kiberiti wala kumshusha mtu ndani ya kisima kuangalia, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujaa shimoni na hulipuka. Usiyachemshe ukidhani unayasafisha. Benzini itatoka majini na kukujaa mapafuni jikoni. Toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Wapimaji wakija, omba chupa ya pili ya sampuli ile ile, iliyofungwa mbele yako, ipelekwe kwenye maabara nyingine. Kisha dai ripoti kamili: kiasi cha benzini kwa mikrogramu, kiwango cha chini ambacho mashine iliweza kuona, matokeo ya chupa ya msindikizo, na mchoro wa vilele. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya kupata taarifa na Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Maji ni yako. Idai karatasi hiyo, na usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba kila kitu ni shwari.